Kinachoozesha mtumbwi si ziwa

Ukianza kujenga au kufufua mtumbwi mdogo uani kwako, iwe Entebbe, Jinja au Majanji, kila apitaye atakupa ushauri wa bure. Mwingi una chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana ni vigumu kuupuuza.

Unaosikika zaidi ni kwamba maji ya ziwa huozesha mbao. Kinachoozesha ubao ni kuvu, nayo huhitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Ubao uliozama muda wote hukosa hewa. Ubao mkavu, wenye unyevu chini ya asilimia 20, hukosa maji. Uozo huanzia pale pasipo pakavu wala hapakuzama: chini ya mataruma (mbavu za mtumbwi), kwenye kona za tezi (sehemu ya nyuma), popote maji ya mvua yanapotuama. Mtumbwi ulioachwa mwaloni msimu mzima wa mvua, umetazama juu, huoza kwa ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa. Anayetaka kununua mtumbwi wa zamani asigonge katikati ya ubao, maana hapo karibu kila mara ni pazima. Achomeke ncha ya kisu pale ubao unapokutana na taruma. Ikizama kirahisi, bei ishuke au aondoke. Anayejenga mpya akate kijitundu chini ya kila taruma ili maji yapite hadi mahali pa kuyachota, kisha mtumbwi ulale kifudifudi usipotumika.

Wengine husema maji baridi hayana mdudu wa kutoboa mbao. Wale wanaotafuna majahazi ya Mombasa kweli huhitaji chumvi, lakini Ziwa Viktoria lina wake. Wataalamu humwita Povilla adusta. Akiwa mchanga huishi majini akichimba mbao na mafunjo, na akikomaa huruka kwa makundi siku chache baada ya mwezi mpevu. Kwa hiyo usiuache mtumbwi majini miezi na miezi. Upandishe, ukauke, ukague vitundu.

"Mvule hauozi." Kiini chake, ndiyo, hudumu sana. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haina nguvu hiyo hata kidogo, na muuza mbao hatakutengea. Chagua mwenyewe, ubao kwa ubao. Mvule pia huwa na vijiwe vya chokaa ndani, vigumu kiasi cha kung'oa meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Funika pua.

Sasa kuvuja. Mtumbwi mpya, au uliokaa nchi kavu muda mrefu, ukishushwa majini unavuja, na mwenyewe anakata tamaa au anamlaumu fundi. Mbao hunywa maji na kuvimba, mianya ikajibana yenyewe. Uache kwenye maji ya kina kifupi siku moja au mbili kabla ya kuhukumu. Kosa kubwa zaidi hufanywa na mwenye haraka, anayeshindilia kwa nyundo pamba ya kalafati, ile ya kuziba mianya, huku mbao zimekauka kabisa. Zikivimba baadaye hazina pa kwenda, kwa hiyo husukumana hadi misumari inachomoka kwenye mataruma, au taruma lenyewe linapasuka. Pamba iingie kwa kubanwa kiasi tu, mengine yaachiwe maji.

Kuhusu faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa gundi, mimi ni mkali. Kuvalisha mtumbwi uliochoka nguo ya faiba hakuufanyi mpya. Gundi yake haishiki ubao wenye unyevu, na mbao zilizopigiliwa hucheza daima, hivyo faiba hubanduka, maji yakajificha katikati, na uozo ukapata nyumba. Badili ubao ulioharibika. Ni kazi, ila ndiyo ukarabati.

Na si lazima msumari uwe mkubwa. Mkubwa hupasua ubao. Toboa kwanza kwa keekee, tumia uliopakwa zinki. Mitumbwi mirefu ya visiwa vya Ssese, iliyokuwa jeshi la majini la Kabaka, mfalme wa Buganda, chini ya mkuu wake Gabunga wa ukoo wa Mamba, ilishonwa kwa nyuzi za mimea bila msumari hata mmoja, nayo ilibeba wapiganaji.

Dhana ya mwisho inaua watu: mbao huelea, basi mtumbwi hauzami. Ukijaa maji, ukiwa na injini na watu, unaweza kwenda chini, au kuelea ukiwa umepinduka. Funga madumu matupu yenye vifuniko chini ya viti, na kila mtu avae jaketi.

Halafu kuna wanaodhani mtumbwi wa uani ni wa kuvulia pia. Kanuni za uvuvi za Uganda zinataka boti ya kuvulia Ziwa Viktoria ifike futi 28, na mifupi mingi imechomwa moto mialoni. Futi 14 za kutembelea ni sawa, lakini ukikutwa na nyavu ndani, hadithi kwamba umeujenga kwa mikono yako haitakusaidia.