Maji ya zabibu: tunayoambiana shambani na yalivyo kweli

Mgeni akishuka Dodoma mwezi Septemba, akakuta mibuyu haina jani na vumbi jekundu limetanda kila mahali, halafu akaletewa sinia la zabibu mbivu, swali lake huwa moja: maji yanatoka wapi? Wenyeji hatukosi majibu, na tunayatoa kwa kujiamini. Mimi nina ekari mbili upande wa Mpunguzi. Majibu hayo niliyaamini karibu yote, na mengine yalinilia mavuno.

"Mzabibu ni mmea wa ukame, hautaki maji"

Nusu yake ni kweli. Mzabibu uliokomaa kwenye mchanga wetu mwekundu hushusha mizizi hata mita mbili, ukafuata unyevu ambao mhindi hauwezi kuugusa. Lakini anayesema hivyo huwa anasahau jambo moja: mzabibu wa Italia au Ufaransa hulala. Baridi ikiingia unapukutisha majani, na kwa miezi minne au mitano haunywi karibu chochote. Wa kwetu haupati usingizi huo. Tunavuna kuelekea Machi, tunavuna tena Agosti na Septemba, na katikati tunapogolea ili macho ya matawi yafumuke upya. Huo ni mmea unaofanya kazi mwaka mzima mahali ambapo mvua ni milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Zabibu za Agosti huanza maisha kwa unyevu uliobaki ardhini. Ukiisha, kinachobaki ni kisima chako.

Wapo wanaoongeza kwamba hata Ufaransa hawamwagilii. Kwa mashamba yao yenye majina makubwa, kumwagilia kulibanwa na sheria kwa miaka mingi, ila mwaka 2006 kanuni zililegezwa na sasa kunaruhusiwa kwa masharti. Nao wengi wao hupata mvua nyingi kuliko sisi. Mfano wa kutufaa zaidi ni Mendoza, Argentina, kwenye nusu jangwa chini ya milima ya Andes. Kule bila mifereji ya maji ya theluji hakuna zabibu, na mvinyo wao unanywewa dunia nzima.

"Maji mengi, kilo nyingi, hela nyingi"

Hapa ndipo penye ugomvi, na sisi wakulima tuna sababu: mzani wa mnunuzi hauulizi kilichomo ndani ya punje. Msimu wangu wa pili nilifungulia mipira ya matone, ile inayodondosha maji shinani, usiku na mchana wiki nzima kabla ya kuvuna. Punje zilinenepa kweli. Mnunuzi alipotumbukiza kipima sukari, akasoma, akanitazama, akarudisha kreti zote kwenye gari bila neno. Nilikuwa nimemletea maji.

Rangi ya mvinyo mwekundu haitoki kwenye nyama ya zabibu. Kamua punje ya zabibu nyekundu kama Makutupora Nyekundu au Syrah mkononi, utaona maji yake ni meupe au yana wekundu hafifu tu. Rangi imo kwenye ganda, pamoja na sehemu kubwa ya harufu na ile tanini inayokaza ulimi. Sasa piga hesabu. Punje yenye kipenyo cha milimita 12 ikinywa ikafika milimita 16, ujazo wake unazidi mara mbili, lakini ganda kwa kila tone la nyama linapungua kwa robo. Umeongeza mchuzi, hukuongeza viungo. (Wenyewe wa viwandani maji yaliyokamuliwa huyaita mchuzi wa zabibu, na kwa jambo hili naona jina limekaa mahali pake.)

Tena maji mengi hayaendi kwenye punje tu. Matawi yanakimbia, majani yanafunikana, vichala vinakaa gizani penye unyevu, na ubwiri unga hapo umepata nyumba. Sukari ambayo ingeingia kwenye tunda inaliwa na matawi machanga. Kwa kawaida, gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya mchuzi ndizo zinazogeuka asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo sukari ikikosekana shambani inaonekana mpaka kwenye lebo ya chupa.

"Basi funga koki, zabibu ziteseke, mvinyo uwe mzuri"

Baada ya aibu ile ya kreti nikaingia kwenye kosa la pili, ambalo naliona baya zaidi kwa sababu huja limevaa joho la utaalamu. Nilisikia kwamba kiu huleta ubora, nikafunga koki tangu maua. Maua yakapukutika, vichala vikabaki na mapengo kama meno ya mtoto wa miaka saba. Msimu uliofuata, niliponywesha vizuri, bado mavuno yakawa haba. Wakati mzabibu unachanua ndipo macho ya msimu ujao yanapotunga vichala vyake humo ndani. Ukiunyima maji wakati huo umekata mavuno mawili kwa kisu kimoja, na kwetu mavuno ya pili yako miezi michache tu mbele.

Kiu ina saa yake. Tangu kuchipua hadi punje zishike, mzabibu unywe vizuri. Punje zikishafika ukubwa wa choroko mpaka zinapoanza kubadilika rangi, hapo ndipo unapunguza. Punje itabaki ndogo na ganda lake nene, na matawi yataacha kukimbia. Udogo huo haurudi nyuma. Ukija kumwaga maji baadaye, hazifikii tena unene ambao zingeufikia. Rangi ikishaingia, unarudisha maji kidogo kidogo ili majani yabaki hai, maana sukari hutengenezwa na majani. Mzabibu uliokauka majani ya chini ukifika Julai hauwezi kuivisha kitu.

Na hapa kipima sukari kinaweza kukudanganya. Zabibu iliyonyauka juani husoma juu kwa sababu maji yametoka, si kwa sababu imeiva. Mbegu zake bado ni za kijani, chungu ukizitafuna, na uchungu huo unaingia kwenye mvinyo. Shida nyingine hujificha mpaka kwenye pipa: mizizi iliyo kwenye udongo mkavu haivuti naitrojeni, na hamira inayogeuza sukari kuwa kilevi, bila naitrojeni huchoka katikati ya kazi au hutoa harufu ya yai viza. Zabibu nyeupe kama Chenin Blanc huumia mapema zaidi, kwa kuwa tunachokitafuta kwake ni harufu na uchachu mwepesi, si rangi. Anayeinyima maji Chenin kama anavyoinyima Syrah atapata mvinyo mchovu wenye ukakasi.

Nitajuaje kiu imetosha? Vifaa vipo, lakini bei yake siyo ya ekari mbili. Mimi natazama ncha za matawi: vikono, vile vijiti laini vya kujishikia, vikipita mbele ya ncha na kunyooka, mti umeshiba, vikilegea na ncha ikasimama, pale pale ndipo nilipopataka, jani la chini likianza njano, nimechelewa. Saa nane mchana nashika jani lililo juani kwa kiganja. Jani linalopumua maji huwa la baridi kiasi. Likiwa la moto kama bati, limejifunga na halitengenezi chochote.

"Matone ni matone, kila shamba lipewe saa tano za maji"

Inategemea unasimama juu ya nini. Kwenye mchanga tone linashuka wima, unyevu unachukua umbo la mhogo; kwenye udongo mzito wa mbuga linatanda kama boga. Saa tano za mfululizo kwenye mchanga zinapeleka maji chini ya mizizi, unalipia dizeli ya kunywesha mwamba. Bora saa mbili leo na mbili keshokutwa. Chimba kwa jembe kando ya mpira mara moja tu, utajionea.

"Mvinyo mwepesi umetiwa maji kiwandani"

Mara nyingi yalitiwa shambani, kama nilivyofanya mimi. Au na mvua: milimita 20 tu ni kama lita 80,000 kwenye ekari moja, na zikishuka wiki ya kuvuna punje hunywa mpaka zikapasuka, kisha nyuki na ukungu wanafika kabla yako. Hii ndiyo sababu nayatarajia mema zaidi mavuno ya Agosti na Septemba kuliko yale ya Machi. Kiangazi koki ninashika mimi.

"Maji ni maji"

Aliyewahi kupika chai kwa maji ya visima vya Dodoma hawezi kusema hivyo. Visima vyetu vingi vina chumvi, na mzabibu hauipendi. Dalili huanzia ukingoni mwa jani: linaungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa motoni, huku katikati ni kijani. Wengi wakiona hivyo hudhani ni kiu, wakaongeza maji yaleyale. Chumvi ikizidi hufika hadi kwenye tunda, na mvinyo wake unaacha ladha ya chumvi mdomoni. Pima maji kabla ya kupanda, maana bei ya kupima haikaribii bei ya kung'oa.

Kuna jambo la mwisho kuhusu chumvi ambalo hata mimi lilinichukua muda kulikubali. Matone husukuma chumvi mpaka pembezoni mwa eneo lenye unyevu, ikakaa hapo kama mzingo. Mvua nyepesi ya kwanza mwishoni mwa Novemba huiyeyusha na kuirudisha kwenye mizizi, lakini haitoshi kuisukuma chini. Kwa hiyo mvua hiyo ikianza, sifungi koki. Naifungulia zaidi, mpaka ije mvua nzito ya kusafisha. Jirani yangu mzee, aliyezaliwa na kukulia hapahapa, hupita na mwavuli wake akaniona nimesimama kwenye manyunyu huku pampu inaunguruma. Haniambii kitu. Anatingisha kichwa tu, ananisalimia kwa Kigogo, "mbukwa", anaendelea na safari yake.