Kikorea na Kiamhari si ndugu, ingawa mwandiko unadanganya

Chukua herufi mbili za Kiamhari, ሰ na ዐ, uziweke kando ya ㅅ na ㅇ za Kikorea. Ya kwanza, pande zote mbili, imesimama kwa miguu na inasomwa kwa sauti ya s. Ya pili ni duara ambalo mwanzoni mwa silabi halina sauti yake, linabeba irabu tu. Mtu akishaona hayo, kisha akasikia kwamba baba ni "abbat" Addis Ababa na "appa" Seoul, ataapa kuwa lugha hizi ni ndugu waliopotezana.

Dhana hiyo ni tamu, lakini si kweli. Herufi za Kikorea, Hangul, zilibuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa 1446, na maelezo ya wakati huohuo yanasema ㅅ imechorwa kwa mfano wa jino na ㅇ kwa mfano wa koo. Mwandiko wa Kiamhari, fideli, umerithiwa kutoka Kige'ez, nao chimbuko lake ni maandishi ya kale ya Arabia Kusini. Huko ዐ ilianza kama jicho. Koo la Mkorea na jicho la Msemiti vimeishia kuwa duara, basi. Na kama "appa" na "abbat" vinathibitisha undugu, hata baba yetu huyu tumhamishie Seoul.

Wapo wanaoitaja vita. Ni kweli Haile Selassie alipeleka Kikosi cha Kagnew kupigana Korea kuanzia 1951, na mji wa Chuncheon una ukumbusho wao. Lakini kufikia hapo ㅅ ilikuwa imeandikwa kwa zaidi ya miaka 500.

Kwa ukoo, Kiamhari ni Kisemiti, pamoja na Kiarabu, Kiebrania na Kitigrinya. Kikorea hakina ndugu anayejulikana kwa uhakika ila lugha ya kisiwa cha Jeju.

"Basi Kikorea ni Kichina kilichobadilika, na herufi zake ni picha." La. 한 inaonekana kama mchoro, kumbe ni herufi tatu zilizobebana: ㅎ ya h, ㅏ ya a, ㄴ ya n. Herufi za msingi ni 24 tu. Maneno ya asili ya Kichina yamo tele, kama yalivyo ya Kiarabu katika Kiswahili, na sisi bado ni Wabantu. Mikopo hiyo inamsumbua mwanafunzi kwenye saa: saa inahesabiwa kwa namba za Kikorea chenyewe, dakika kwa namba zilizotoka Kichina. Tatu na nusu ya saa yao ni "se si samsip bun", na tatu ya mwanzo ("se") si neno moja na tatu iliyomo ndani ya thelathini ("sam").

"Kiamhari huandikwa kulia kwenda kushoto." Hapana, kinaandikwa kama unavyosoma hapa. Ila ule undugu wake na Kiarabu unatufaa sisi: damu ni "dem", nafsi ni "nefs", saba ni "sebat", saa ni "se'at". Tena saa yenyewe ni yetu! Jua likishachomoza wanahesabu moja: "and se'at" ya asubuhi ni saa moja asubuhi, bila kujumlisha wala kutoa sita.

Dhana ninayoiheshimu zaidi ni ya waliosoma kidogo: kwamba sarufi zao ni moja kwa sababu zote mbili huweka kitenzi mwisho. Mpangilio ni huo kweli. Nasoma kitabu ni "chaegeul ilgeoyo" kwa Kikorea na "mets'haf anebballehu" kwa Kiamhari, kitabu kwanza, kusoma baadaye. Lakini fungua kitenzi uone kilichomo. Mwambie mwanamume "sikupendi" kwa Kiamhari: "alwedihim". Al- ni si-, wed ni -pend-, h ni wewe, na m ya mwisho inafunga ukanushi kama i yetu. Kwa mwanamke h inageuka sh: "alwedishim". Mkorea atasema "saranghaji anha", na humo hamna mimi wala wewe. Anayekataa na anayekataliwa mtajuana wenyewe. Kitenzi chake kinajali jambo jingine, unaongea na nani. Ukimwambia mtu wa kuheshimiwa, "anha" inakuwa "anhayo", na kwenye hadhara rasmi inakuwa "anseumnida". Kwa mtu aliyezoea ni-ku-m-wa, kitenzi cha Kiamhari ni nyumba ya jirani.

Inabaki hofu ya mwandiko: eti Hangul ni rahisi, hivyo Kikorea ni rahisi, na fideli ina alama 231, hivyo Kiamhari hakiwezekani. Hizo 231 ni safu 33 zenye irabu saba saba. Aliyesomeshwa ba-be-bi-bo-bu hana la kushangaa: ለ, ሉ, ሊ, ላ. Kazi iko masikioni. Kikorea kina "dal" ya mwezi, "tal" ya kinyago na "ttal" ya binti. Mtu wa Mombasa anayetofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi ya p ana nafuu hapo, sisi wengine tunahangaika. Kiamhari nacho kina t inayopasuliwa kwa koo lililofungwa: "til" ni mnyoo, "t'il" ni ugomvi.

Hilo la t angalau limeandikwa kwa herufi tofauti. Konsonanti inayokazwa haiandikwi kabisa: "ale" ni alisema, "alle" ni yupo, na zote mbili kwenye karatasi ni አለ.