Acheni kubadilisha taa kila mkiona kivuli kwenye TV

Jumatatu kaja mama mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, na TV ya inchi 55, 4K, kabla hata hajakaa kashasema, fundi naomba uniwekee taa nyingine, upande wa kulia una kivuli. Nikafungua. Taa za nyuma ya kioo ni mpya kabisa, zinang'aa, tena ni seti ya pili ndani ya miezi miwili! Na hii ni TV ya nne mwezi huu kuletwa hapa kijiweni Majengo na hadithi ile ile, "taa zimechoka upande mmoja". Mi nimechoka kuliko hizo taa.

Taa ikifa inajionyesha, weka picha nyeupe halafu ya kijivu, kivuli cha taa kinabaki vile vile. Cha yule mama kwenye nyeupe kilikuwa hafifu, kwenye kijivu kikakolea. Halafu nikamuuliza, mama, ukiangalia king'amuzi kipo hivi hivi? Akasema hapana fundi, king'amuzi afadhali, shida ni mwanangu akichomeka laptop. Hapo kesi nusu imeisha, maana taa haijui wewe umechomeka nini.

King'amuzi chetu kinatoa fremu (picha) 50 kwa sekunde, laptop 60. Paneli (kioo chenyewe cha picha) ya 4K ina mistari 2160, ukijumlisha na ile ya mapumziko isiyoonyesha picha inafika 2250, kwa hiyo kwenye 60 kila mstari unapata maikrosekunde 7.4 tu za kujaza pikseli zake zote, kwenye 50 unapata 8.9. Pikseli ikikosa muda haijai, na isipojaa inatoa kivuli. (Kuna TV zinabadilisha fremu ndani kwa ndani kabla ya kufika kwenye paneli, kwa hizo hiki kipimo hakisemi kitu, usije ukanilaumu.)

Sasa kwa nini upande mmoja? Waya wa geti, ule unaofungua na kufunga pikseli za mstari mmoja, unakatiza kioo kizima, na una ukinzani wake na ukapasita wake (kule kushika chaji). Waliokulia mashamba ya zabibu kule Hombolo watanielewa haraka: ukifungulia maji kichwani mwa mfereji, mzabibu wa mwisho unayapata kwa kuchelewa, na ukifunga, kule mwisho bado yanatiririka. Palsi ya geti, yaani umeme wa kulifungua na kulifunga, ndo hivo hivo, inachelewa kupanda na inachelewa kushuka. Ndo maana vioo vikubwa wanavilisha kutoka pande zote mbili.

Na hapa ndo penye uchawi wenyewe. Nikaangalia flati (utepe wa nyaya) ya upande wa kulia, nikakuta pini za CKV, yaani klok zinazoendesha geti, zimezibwa na selotepu! Kuna fundi alishapita. Paneli ilipiga shoti upande ule, tikoni (bodi inayoiongoza paneli) ikajizima, yeye akaziba klok za kulia, picha ikarudi, akalipwa. Simlaumu, hata mi naziba. Ila ukiziba, kulia panageuka kuwa mwisho wa mfereji, kivuli kikitokea mwambie mteja ukweli, usimuuzie taa!

Halafu wapo wajanja wanaosema "rekebisha VCOM tu", ile voltaji moja ya pamoja ya pikseli zote. Hii ndo inaniudhi kuliko zote kwa sababu ina nusu ya ukweli. Geti linapofunga, voltaji inaporomoka labda kutoka 28 mpaka hasi 6, na huo mporomoko unaivuta pikseli chini kidogo. Karibu na draiva (chipu inayoendesha geti) geti linafunga ghafla kwa hiyo mvuto ni kamili. Mbali linafunga taratibu, transista (swichi ya pikseli) bado iko wazi kidogo, waya wa data unaoleta picha unaijazia pikseli kile ilichovutwa, kwa hiyo mvuto ni mdogo. Yaani kioo kimoja kina mivuto tofauti kutoka kushoto kwenda kulia, na wewe una skrubu moja ya VCOM. Ukiiweka sawa kushoto, kulia panachezacheza, ukiiweka sawa kulia, kushoto panalia. Unagawanya hasara tu. Kiwandani wanakata kona ya palsi, voltaji ya geti inateremshwa kidogo kabla ya kufunga, ili hata upande wa karibu ufunge kwa ulegevu unaofanana na wa mbali. Hiyo ni kazi ya kupanga muda, VCOM haiwezi kukufanyia.

Kingine haraka haraka: data ya mstari unaofuata lazima isubiri geti la mbali lifunge kabisa, la sivyo inavuja na maandishi yanaota kivuli. Ukiongeza kusubiri, unapunguza muda wa kujaza. Na kuna paneli ambazo chipu za data zinacheleweshwa makusudi, za katikati zaidi ya za pembeni, kwa kuwa katikati ndo mbali ukilisha pande mbili. Ziba upande mmoja uone, hesabu yote ya kuchelewesha imekuwa ya kioo kingine.

Nilichofanya? Nilipandisha VGH, ile voltaji ya kufungulia geti, volti 2 kwenye tikoni, kivuli kikapungua, hakikuisha. Na hapa niseme wazi, kupandisha VGH kunaongeza na ule mvuto, pia kunazichosha transista, kwa hiyo sijui kama nimemsaidia au nimemkopesha. Na kuna siku nimeshawahi kuapa ni taimingi kumbe karatasi ya kusambaza mwanga ilikuwa imejikunja, nikacheka peke yangu. Na hizi asubuhi za baridi ya Julai ndo zinachanganya zaidi, saketi za geti zilizo ndani ya kioo chenyewe zinakuwa nzito, TV ina mistari saa 12, saa 4 imepona, mteja anafika nayo haina kitu, unabaki mnaangaliana.

Nikamwambia laptop ya mwanao iweke 50, ataona nafuu. Akajaribu pale pale, akafurahi. Kisha akauliza, sasa fundi, hela ya zile taa seti mbili nani ananirudishia? Nikamchorea ramani ya kumrudia yule aliyezifunga.