Usinunue kamshafti kabla ya kujua difu

Mtu akiniuliza aweke kamshafti gani (mhimili unaofungua na kufunga valvu za injini) kwenye Chevrolet Camaro yake ya 1969, mimi humuuliza tairi zake za nyuma zina ukubwa gani. Wengine huona nakwepa swali. Lakini mizunguko ya injini barabarani hupangwa na tairi, difu (gia za ekseli ya nyuma) na giaboksi. Kamshafti ambayo nguvu zake zinaanzia juu ya hapo ni pesa ya kununulia mngurumo tu.

Tupige hesabu. Tairi yenye kipenyo cha inchi 26 huzunguka kama mara 800 kwa dakika gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa. Zidisha kwa uwiano wa difu, yaani shafti inayoingia kwenye difu huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Ukiwa gia ya moja kwa moja, ambayo giaboksi haibadilishi mizunguko ya injini, difu ya 3.08 inakupa mizunguko karibu 2,500, ya 3.73 inakupa 3,000, ya 4.10 inakupa 3,300. Kamshafti kali inayoamka kwenye 3,000, ukiifungia difu ya 3.08, safari nzima italala.

Tena kamshafti kali haiji bila madai. Inachelewa kufunga valvu za kuingizia, hivyo mizunguko ikiwa ya chini sehemu ya hewa inasukumwa kurudi kwenye manifoldi. Pistoni zinazobana hewa zaidi ndizo zinazofidia hapo. Busta ya breki nayo inakosa mvuto wa hewa wa injini, pedeli inakuwa ngumu. Na kama gari ni otomatiki yenye konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) ileile ya zamani, jiandae kuzimikiwa kwenye taa.

Chevrolet wenyewe walilielewa hili. Injini ya Z/28, toleo la Camaro la kimashindano, ilikuwa ya inchi za ujazo 302, kama lita 4.9, ili isivuke kikomo cha 305 cha mashindano ya magari ya Trans-Am. Ilikuwa dhaifu chini, moto juu. Kwa hiyo waliipa difu ya 3.73 na giaboksi ya mkono ya gia 4. Otomatiki hawakuiuza kabisa. Watu huiga kamshafti yake, difu wanaiacha.

Kwa gari la kuendesha kila wikiendi, mimi hupendelea injini ya inchi za ujazo 350 yenye kamshafti ya wastani, difu ya 3.73 na giaboksi ya otomatiki ya 700R4. Gia yake ya kwanza ni 3.06, inaondoka kwa hasira. Ya nne ni 0.70, na kwenye kilomita 100 injini inashuka hadi kama 2,100.

Uwiano wa difu usiupokee kwa maneno ya muuzaji. Fungua kifuniko uhesabu meno: 41 ya krauni (gia kubwa) kwa 11 ya pinioni (gia ndogo) ndiyo 3.73. Ukishatoka 3.08 kwenda 3.73, badilisha na kigia kidogo cha spidomita ndani ya giaboksi, maana bila hivyo ukienda 100 itakuonyesha 121.