Msimamizi wa mirathi si mrithi, na mengine tunayodanganyana misibani

"Mwanangu, nyumba si yangu tena. Shemeji ameshapewa na mahakama."

Mama mmoja aliniambia hivyo huku akifungua bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, cheti cha ndoa, na nakala ya fomu namba 4 yenye muhuri wa Mahakama ya Mwanzo. Nilimsomea ile fomu polepole, mstari kwa mstari. Shemeji yake alikuwa ameteuliwa kuwa msimamizi. Hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema nyumba ni yake.

Katika miaka yangu ya kuwasaidia watu na karatasi za mirathi hapa Tanzania Bara, hii ndiyo dhana iliyoumiza wengi kuliko zote: kwamba aliyeteuliwa na mahakama ndiye aliyerithi. Msimamizi ni mtumishi wa mali ya marehemu. Anaikusanya, analipa gharama za mazishi na madeni, anagawa kilichobaki kwa warithi, halafu anarudi mahakamani kueleza alichofanya. Kama mwenyewe ni mtoto wa marehemu au mrithi mwingine, atapata fungu lake kama warithi wenzake. Kama si mrithi, hana fungu.

Kinachochanganya ni kwamba hati ya nyumba inaweza kubadilishwa na kuandikwa jina lake. Watu wakiliona jina, wanakata tamaa. Lakini pale anaandikwa akiwa msimamizi wa mirathi, yaani anaishika nyumba kwa niaba ya warithi mpaka igawanywe.

Tena ana muda wa kufuata. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa awasilishe orodha ya mali na madeni, fomu namba 5, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Hesabu za mirathi zinakuja kwa fomu namba 6. Mirathi ikiwa Mahakama Kuu, orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Shemeji wa yule mama alikuwa na mwaka wa tatu, na hakuwa amepeleka hata karatasi moja. Mrithi yeyote ana haki ya kwenda kwenye mahakama ileile, kwa namba ileile ya shauri, kuomba msimamizi aitwe atoe orodha na hesabu. Akionekana ameficha mali au ameitapanya, mahakama inaweza kumwondoa na kuteua mwingine.

"Ukoo haujakaa, kwa hiyo mirathi haifunguliki"

Kikao cha ukoo ni desturi nzuri, na muhtasari wake huisaidia mahakama kuona kwamba familia imekubaliana. Ila hakuna kifungu cha sheria kinachoufanya muhtasari kuwa sharti. Nimeona wajane wakizungushwa mwaka mzima na baba wadogo wasiotaka kuketi, au waliokaa wakagoma kutia saini. Mrithi anaweza kupeleka maombi yake bila huo muhtasari, akaeleza kwa nini hana. Tangazo litatolewa, na mwenye pingamizi ataleta pingamizi lake mbele ya hakimu.

"Mirathi zote zinaanzia Mahakama ya Mwanzo"

Hapa naomba usome kwa makini, maana kosa lake huonekana baada ya miaka. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Marehemu ambaye maisha yake yanaonyesha aliziacha mila, kwa mfano Mkristo aliyeishi Kikristo mpaka mwisho, mirathi yake huenda mahakama za juu zaidi. Mahakama huangalia namna alivyoishi na alichokusudia, na kabila lake peke yake halitoshi. Mashauri yamefutwa yakiwa yamefika rufaani, nyumba zimeshauzwa, kwa sababu tu yalifunguliwa mahali pasipostahili. Ni swali la kumuuliza mwanasheria kabla ya kujaza fomu yoyote. (Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na Mahakama ya Kadhi.)

"Kuandika wosia ni uchuro"

Wosia haujamwua mtu. Ninachokiona ni watoto wa mama tofauti wakikutana kwa mara ya kwanza kwenye korido ya mahakama, na baba yao angeweza kuwaepusha na hilo kwa karatasi mbili.

Wengine wanadhani ni lazima wakili na pesa nyingi. Wosia wa maandishi unaofuata kanuni za kimila za mwaka 1963 unahitaji mashahidi 2 kama mwosia anajua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji 4. Hata wosia wa mdomo unakubalika, mbele ya mashahidi 4, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Usimweke anayerithi awe shahidi, hilo linafungua mlango wa ugomvi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, inaandika wosia na kuuhifadhi, na ni salama kuliko chini ya godoro.

Mwislamu naye akumbuke kwamba wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali, na haumwongezei mrithi aliyekwisha kupangiwa fungu, ila warithi wenzake wakiridhia.

"Mjane hana lake"

Hii inaniuma, kwa sababu si uongo mtupu. Kanuni za kimila za 1963 zinamnyima mjane urithi wa mumewe kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Zinasema watoto ndio watakaomtunza. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliona kwamba Tanzania ilivunja haki zao.

Lakini kabla ya kuuliza mjane anarithi nini, uliza kwanza mali ya marehemu ni ipi. Kiwanja mlichonunua pamoja, nyumba mliyoijenga pamoja, sehemu yako ni yako tangu mumeo yu hai, haigeuki urithi. Tangu mwaka 1983, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mjane aingie mahakamani na hoja hiyo, na risiti alizonazo, na fundi aliyelipwa kwa mkono wake aje kusema.

Yule mama alikuwa nazo risiti za mabati. Zilikuwa kwenye bahasha ileile, nyuma ya cheti cha ndoa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zina maana. Tuliandika barua ya kuomba msimamizi aitwe, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, akaipeleka mwenyewe masijala asubuhi iliyofuata. Hakulipa wakili. Mashirika yanayosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hufanya kazi hii bure kwa asiye na uwezo.