Muziki wa Kujitegemea na Uvumbuzi wa Mwaka: Yanayosemwa Mbeya na Yaliyo Kweli

Mwaka unapoelekea ukingoni, mazungumzo ya muziki hapa Mbeya huchukua sura ileile: kila mtu ana orodha ya wasanii aliowavumbua, na wanaopewa heshima ya pekee ni wale wa kujitegemea, wasiobebwa na lebo kubwa. Ni jambo jema, kwani msanii mdogo huishi kwa wasikilizaji wanaomtafuta wenyewe. Hata hivyo, katika mazungumzo hayo, yawe ya kwenye daladala la Uyole au ya makundi ya WhatsApp, yanajirudia madai kadhaa yasiyo na msingi. Mengi yanatokana na kuchanganya mambo mawili, yaani namna muziki unavyosikika na nani aliyeugharamia na kuumiliki. Nitayachukua moja baada ya jingine, ingawa si yote yanayostahili nafasi sawa.

"Muziki wa kujitegemea ni aina fulani ya muziki"

Wapo wanaoamini kwamba muziki huu hutambulika kwa sikio: gitaa la taratibu, sauti ya kunong'ona, mashairi ya huzuni na jalada lenye picha iliyofifia. Dhana hii ilikuja na nyimbo zenyewe kutoka Uingereza na Marekani, lakini hata huko ilikotoka haisimami. Chati ya kwanza ya Uingereza ya santuri za kujitegemea ilipotolewa Januari 1980, kigezo kilikuwa usambazaji: santuri ilistahili kuingia iwapo ilifika madukani bila kupitia mikono ya makampuni makubwa. Haikuulizwa kama ina gitaa au kinanda. Leo makampuni makubwa yamebaki matatu, Universal, Sony na Warner, na maswali ya msingi hayajabadilika: nani amelipia kurekodi, nani anasambaza, na rekodi ni mali ya nani.

Kwa kipimo hicho, kundi kubwa la wasanii wa kujitegemea wa Mbeya halimo kabisa katika orodha za vijana, nalo ni la wanakwaya. Tazama jinsi albamu ya kwaya inavyopatikana. Wanakwaya huchangishana wao kwa wao, huongezewa na waumini, hulipa studio, humtafuta mpiga picha wa video wa kuwapeleka kando ya ziwa au mlimani, hushona sare, kisha hutangaza uzinduzi. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa bei isiyo na uhusiano wowote na gharama ya diski, waumini wenye uwezo humfuata, na ndani ya alasiri moja deni la studio hulipika, au angalau hupungua. Nakala zinazobaki, ambazo zamani zilikuwa kanda, zikawa diski na sasa mara nyingi ni flashi, huuzwa mlangoni mwa kanisa na kwenye mikutano ya injili. Hapo hakuna lebo, hakuna meneja wala msambazaji. Kijana anayemsifu msanii wa London kwa kuuza kazi zake mwenyewe baada ya onyesho angeweza kuyaona hayohayo Mwanjelwa, tena yakifanywa na watu arobaini wenye sare moja.

"Singeli iligunduliwa na Wazungu"

Dai hili kuhusu singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, husemwa kwa fahari, na wakati mwingine kwa kejeli. Msingi wake ni tukio la kweli: mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na baada ya hapo watayarishaji na ma-DJ wa singeli wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Lakini lebo hiyo yenyewe iko Kampala, Uganda. Isitoshe, kabla ya mwaka huo waimbaji wa singeli Msaga Sumu na Man Fongo walikuwa wameshasikika nchini, na singeli ilikuwa imeshakesha kwenye vigodoro vya uswahilini kwa miaka mingi. Kilichoongezeka mwaka 2017 ni wasikilizaji wa mbali tu.

Imeshikamana na hiyo dhana nyingine, kwamba singeli ni kelele za kompyuta zisizo na asili. Anayesikiliza kwa makini atavisikia vipande vya taarabu na mchiriku vilivyokatwa, vikarudiwarudiwa na kuharakishwa. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva huenda kwa midundo kama 90 hadi 120 kwa dakika. Singeli huenda 200 na kuendelea, na baadhi ya kazi hukaribia 300. Katika kasi hiyo MC akikosea mahali pa kuvuta pumzi, mstari mzima umempita, na ndiyo maana wanaoibeza kuwa ni rahisi wangefanya vyema kujaribu ubeti mmoja mbele ya watu. Binafsi naona spika ya simu haiitendei haki. Bajaji yenye spika za nyuma inaitendea haki zaidi, ingawa majirani wanaweza kuwa na maoni tofauti.

"Roki ya Zambia ni kitu kipya, na ni ya kuiga tu"

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa zaidi, na kwa sisi tunaoishi saa chache kutoka Tunduma, mpakani na Zambia, ni aibu kidogo. Oktoba 2024 mwanamuziki wa Marekani, Tyler, the Creator, alitoa wimbo uliojengwa juu ya kipande cha kazi ya kundi la Ngozi Family, na vijana wengi wakadhani wamekutana na bendi changa. Paul Ngozi aliyeliongoza kundi hilo (ambaye, licha ya masihara ya watu wa Tukuyu, hahusiani na Ziwa Ngozi) alifariki mwaka 1989. Wimbo uliokatwa kipande ulirekodiwa katika miaka ya 1970, zama za mtindo unaofahamika kwa jina la Zamrock.

Mtindo huo ulistawi hasa katika miji ya migodi ya shaba kama Kitwe, ambako mishahara ya migodini iliwezesha watu kununua ala za umeme na kulipa viingilio vya dansi, huku Rais Kenneth Kaunda akihimiza redio ya taifa ipige zaidi muziki wa nyumbani. Kundi la WITCH, lililokuwa likiongozwa na Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, lilichota mengi kutoka kwa bendi za roki za Uingereza, na hata jina la Jagari linatokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Kuiga kulikuwepo, na hakuna sababu ya kuficha jambo hilo. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, magitaa hayo yalifuata midundo ya ngoma za Zambia na ya kalindula, muziki wa dansi wa huko, na waimbaji wakachanganya Kiingereza na Kibemba au Kinyanja. Anayesikiliza mfululizo albamu za mwanzo na za baadaye za makundi hayo ataisikia safari hiyo bila kuhitaji kuelezwa na mtu.

Husemwa pia kwamba Zamrock ilikufa kwa sababu watu waliichoka. Sababu zilikuwa nzito kuliko hiyo. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, uchumi ukayumba, na fedha za kununulia ala, santuri na viingilio zikakauka. Baadaye UKIMWI ukawaondoa wanamuziki wengi wa kizazi hicho, wakiwemo takriban wenzake wote Jagari wa zama zile. Yeye mwenyewe aliacha jukwaa, na kwa miaka kadhaa alijipatia riziki kwa kuchimba vito. Ilikuwa ni baada ya lebo ndogo za nje, mojawapo ikiwa Now-Again ya Marekani, kutoa upya santuri za zamani ndipo alipoanza kuitwa tena kuimba. Na mwaka 2023 WITCH, yenye wanamuziki wapya kutoka Zambia na Ulaya, ilitoa albamu mpya. Na asidhani mtu kwamba Zambia iko mbali nasi: reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, miaka ileile ambayo mtindo huu ulikuwa umepamba moto, na shabaha yake kuu ilikuwa kuisafirisha shaba hiyohiyo hadi baharini. Inapita hapahapa mjini kwetu.

"Bila studio ya kisasa huwezi kutoka"

Hili halihitaji maneno mengi. Ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi, wapo wawili wanaojiita Madalitso Band, walioanza kwa kupiga barabarani Lilongwe. Mmoja hupiga gitaa la nyuzi nne huku mguu wake ukipiga ngoma ya ngozi, na mwingine hupiga babatoni, ala ndefu ya uzi mmoja ya kutengeneza kwa mkono. Walipanda jukwaa la Sauti za Busara, Zanzibar, mwaka 2017, na mwaka 2019 albamu yao ikatolewa na lebo ya Bongo Joe ya Geneva. Studio nzuri husaidia, bila shaka, lakini wao walifika huko kwa ala ambazo fundi seremala wa Kyela angeweza kuziunda.

"Nyanda za juu kusini hupokea tu"

Wanaosema hivi kwa kawaida hutaja Dar es Salaam kama mahali pekee palipotoa muziki. Wamesahau kwamba Tancut Almasi Orchestra, moja ya bendi zilizotamba nchini katika miaka ya 1980, ilikuwa ya Iringa. Ilimilikiwa na kampuni ya umma ya kukata almasi, na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa walikuwa miongoni mwa sauti zake. Mfano huu una faida ya ziada kwa mada yetu, kwa kuwa unaonyesha hali iliyo kinyume kabisa cha kujitegemea. Kama ilivyokuwa kwa bendi nyingi za mashirika, ala zilikuwa za mwajiri, na nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, ambako kanda zilibaki. Bado muziki uliotoka humo ulikuwa bora. Kujitegemea ni hali ya umiliki, na hakumhakikishii mtu utunzi mzuri.

Kwa upande wa Mbeya, Joseph Mbilinyi, Mr. II au Sugu, alikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya rapu ya Kiswahili katika miaka ya 1990 kabla ya kuiwakilisha Mbeya Mjini bungeni kuanzia 2010 hadi 2020. Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, alipata tuzo ya BET mwaka 2017 akiwa chini ya lebo ya WCB, akaanzisha lebo yake mwenyewe mwaka 2021, na mwaka uliofuata akaondoka WCB. Naye basi ni msanii aliyechagua kujitegemea, ingawa umaarufu wake huwafanya watu wasite kumwita hivyo, kana kwamba kujitegemea ni lazima kuambatane na njaa.

"Wimbo ukishapanda mtandaoni, fedha zinaingia"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wasanii wenyewe. Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, tangu mwaka 2024 hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo usiofikisha walau mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. YouTube humtaka mwenye chaneli awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au mara milioni 10 za kutazamwa kwa video fupi ndani ya siku 90, kabla ya kumgawia mapato ya matangazo. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, huchukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo na sehemu kubwa ya kinachobaki humfikia msanii, ila inahitaji msikilizaji anayekubali kununua, naye hapa kwetu, ambako flashi hujazwa nyimbo kibandani kwa bei ya soda, ni mgumu kumpata.

Wengine huamini kwamba wimbo usiosajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hauna mwenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, haki hupatikana pale kazi inapobuniwa, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili unasaidia kuthibitisha na kukusanya mirabaha, kwa hiyo una maana, lakini haki haianzii hapo. Muhimu zaidi ni kutofautisha utunzi na rekodi. Aliyeandika mashairi na kubuni sauti anaweza kuwa mmoja, na aliyegharamia rekodi akawa mwingine, kila mmoja na haki yake.

Tofauti hiyo hujitokeza kwa ukali kwenye biti zinazonunuliwa mtandaoni. Kijana hulipa dola chache, hupakua biti, huimba juu yake na kudhani ni mali yake. Mara nyingi alichonunua ni leseni ya kuitumia isiyo ya pekee, yenye ukomo wa idadi ya kusikilizwa au kuuzwa, na prodyuza anaruhusiwa kumuuzia mtu mwingine biti hiyohiyo kesho yake. Ndiyo maana wakati mwingine nyimbo mbili za wasanii wasiofahamiana, mmoja wa Mbalizi na mwingine wa Nairobi, huanza kwa kinanda kilekile, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kwa wizi, ilhali wote wawili wana risiti halali na hakuna kati yao anayemiliki biti.