Je, wajua kwa nini dawa ya meno huondoa mikwaruzo kwenye kioo cha saa moja na kushindwa kwenye nyingine?

Ukisugua dawa ya meno kwenye kioo cha Casio F-91W, ile saa ndogo nyeusi ya tarakimu, mikwaruzo hufifia na kioo kikaanza kung'aa upya. Ukifanya vivyo hivyo kwenye saa nyingi za mishale, utasugua mpaka mkono uchoke na mikwaruzo itabaki palepale. Sababu ni kwamba vioo vya saa hutengenezwa kwa vitu vitatu tofauti: akriliki, ambayo ni aina ya plastiki; kioo cha kawaida kilichoimarishwa; na yakuti samawi inayotengenezwa kiwandani.

Ugumu wa vitu hivi hupimwa kwa mizani ya Mohs, inayoanzia 1 na kuishia 10, ambayo ni almasi. Akriliki hukaribia 3, kioo cha kawaida huwa kati ya 5 na 6, na yakuti ni 9. Chembe za kwazi, aina ya madini magumu, zilizomo katika vumbi na mchanga mwingi zina ugumu wa 7, ndiyo maana kuifuta saa yenye vumbi kwa shati huchubua aina mbili za mwanzo, lakini si yakuti. (Mchanga mweupe wa fukwe za Zanzibar, ambao kwa sehemu kubwa ni matumbawe yaliyosagika, ni laini zaidi.)

Dawa ya meno haijazi mkwaruzo. Chembe zake laini hula akriliki iliyo kandokando, mpaka uso wote ushuke kufikia kina cha mkwaruzo na mwanga uache kuvunjika kwenye kingo zake. Funika fremu ya saa kwa selotepu, weka dawa kidogo kwenye kitambaa cha pamba, usugue kwa mizunguko midogo, kisha ufute na kutazama. Mkwaruzo unaokwama ukucha huhitaji kwanza msasa laini sana uliolowa maji. Usitumie mashine kwa pupa, kwa sababu joto la msuguano hulainisha plastiki.

Kioo cha kawaida hakisikii dawa ya meno. Unga wa oksaidi ya seriamu hukisugua vizuri, ila kazi ni ndefu na hufaa kwa mikwaruzo hafifu tu. Kwa maoni yangu ni heri kununua kingine, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Kwa yakuti hufaa unga wa almasi. Hata hivyo, kinachoonekana kama mkwaruzo juu ya yakuti mara nyingi kimo katika utando mwembamba wa kupunguza mng'ao, wala si katika yakuti yenyewe.

Ugumu, hata hivyo, si uimara. Yakuti ikigongwa vibaya huvunjika vipande, ilhali akriliki hunepa au kupata ufa bila kumwaga chembe. Kwa sababu hiyo saa ya Omega Speedmaster, iliyovaliwa na mwanaanga Buzz Aldrin mwezini mwaka 1969, ilikuwa na kioo cha akriliki: vigae vinavyoelea ndani ya chombo cha anga vingekuwa hatari.

Kioo kilichopasuka hakirekebishiki. Acha kuivaa saa hiyo mara moja na vuta kitufe cha pembeni ili mishale isimame, kwa maana kigae kidogo chini yake huchora uso wa saa au kuingia kwenye mitambo. Fundi hutoa mitambo kwanza, husafisha mfereji wa kioo, kisha hupima kipenyo kwa kalipa, kwani tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita hutosha kukifanya kioo kilegee au kigome kuingia. Kioo cha kawaida na cha yakuti hukandamizwa juu ya pete ya nailoni kwa mashine ndogo ya mkono, au hugandishwa kwa gundi. Cha akriliki mara nyingi hubanwa kingo kipungue, kikaachiwa kijitanue mahali pake.

Kabla ya kuogelea na saa iliyobadilishwa kioo, mwombe fundi aijaribu kwa kifaa cha shinikizo, hata kama nyuma yake imeandikwa kwamba haiingii maji.